Shore Walionyolewa

Mume wangu hawezi kutulia. Simsengenyi, namweleza tu. Akila, anaizunguka meza. Akisubiri maji yachemke, atakuwa ameshapanga viatu vya mlangoni, amevipangua na kuvipanga upya. Kazi yake ni kinyozi, na wateja wamempa jina la Chap-chap, kwa sababu kichwa kinaingia kichaka na kutoka yai kabla mwenye kichwa hajamaliza habari aliyokuja nayo. Hapo ndipo anaponikera. Mimi ni fundi cherehani, mashine yangu iko kwenye kibaraza cha duka lake, nami napenda habari iliyokamilika. Mtu akinyolewa haraka anaondoka na nusu ya umbea wake. Mpaka leo sijui yule mpangaji wa nyumba ya kona aliyehama bila kuaga alikuwa anamkimbia mke au mwenye nyumba.

Kwa hiyo aliposema ameanza kujifunza kupiga picha za ndege, benchi zima lilicheka. Kwenye benchi letu hukaa watu wa kila aina, lakini mwenyekiti ni Dalali, bwana anayeuza viwanja vya watu na ambaye kila asubuhi anafika kabla hatujafungua, utadhani ndiye mwenye funguo.

"Ndege?" Dalali alisema, akifuta machozi. "Wewe? Ndege anataka mtu atulie. Wewe hata kivuli chako kinaomba likizo."

"Nitatulia," alijibu Chap-chap, huku akipangusa kioo alichokuwa amekipangusa muda si mrefu.

Aliyemwambukiza ugonjwa huo ni Nesi. Huyu anafanya kazi zahanati ya mtaani kwetu, ana nywele fupi za kukatwa mara kwa mara, na ulimi wake ni sindano hata akiwa nje ya kazi. Siku zake za mapumziko hutoka na wenzake, wanakwenda kwenye mabwawa na machimbo ya zamani, wanajibanza vichakani na kamera zao, si kwa ujira wala kwa amri ya mtu, ni raha zao tu. Siku moja akiwa kitini aliwasha kamera yake akamwonyesha Chap-chap ndege wa buluu akichomoka majini na samaki mdomoni, tone la maji likining'inia kwenye ukucha. Mashine ya kunyolea ilizimwa. Mume wangu alisimama na mashine mkononi, kichwa cha Nesi kikiwa kimenyolewa upande mmoja, na hakusogea. Tangu nimjue nilikuwa sijaona jambo hilo. Wiki iliyofuata Nesi alimletea kamera yake ya zamani, yenye lenzi ndefu kama chupa ya chai, akamwambia ajifunze nayo.

Akajifunza, kama kujifunza ndiko kule. Alikuwa anatoka alfajiri, anarudi kufungua duka na nyasi kwenye soksi, kisha kamera inazungushwa kwenye benchi.

"Huyu ni nini?" anauliza Dalali.

"Mwewe."

"Mbona naona nguzo ya umeme?"

"Alikuwa juu yake. Ameondoka kidogo."

"Na huyu?"

"Huyo ni mkia."

"Mkia wa nani?"

"Basi, lete hapa kamera yangu."

Nesi alimwambia ukweli akiwa kitini, kitambaa shingoni. "Shemeji, wewe unawafukuza. Ndege hafuatwi. Unatafuta mahali atakapokuja, unatangulia wewe, unakaa. Na acha kumwekea vidole hewani. Kidevu cha ndege hakigeuzwi." Maana kweli, mume wangu akiona ndege kaangalia upande asioutaka, alikuwa ananyoosha vidole viwili vya mkono wa kushoto, kama anavyowageuza wateja, na kusema taratibu, "Huku, bosi, huku kidogo."

Mambo yalikuwa hivyo mpaka Mama yangu alipotoka hospitali akaletwa kwetu. Alianguka akavunjika nyonga, wakamfanyia upasuaji, wakamruhusu na fremu ya kutembelea ya chuma, miguu minne, na amri kwamba atembee kila siku. Mama alikataa. "Nimetembea maisha yangu yote," alisema, "na tazama pamenifikisha wapi." Fremu akaifanya ya kuanikia taulo. Akaomba kiti chake kiwekwe kwenye dirisha la chumba cha nyuma, akakaa hapo akiangalia ukuta wa uani kama mtu anayesubiri ukuta uombe radhi.

Mama si mtu wa kunyamaza. Kupenda watu na maneno sikuokota njiani, nimenyonya kwake. Lakini hospitali ilimrudisha na kimya ambacho sikukizoea. Nilikuwa nakwenda kumwambia mtaa mzima nani kamfumania nani, naye ananijibu, "Hm." Mtu anasema "Hm" kwenye fumanizi!

Aliyevunja kimya hicho ni shore. Kama humjui, ni yule ndege mdogo wa kawaida kabisa, kichwa cheusi kama amechovywa kwenye wino, mwili wa majivu, na chini ya mkia kapakwa rangi ya manjano. Kwenye ukuta wa uani kwetu kumeota bogenvilia, na shore wawili walianza kuingia na kutoka humo na vijiti na nyuzi. Nyuzi zenyewe walikuwa wanaziokota kwenye takataka za cherehani yangu. Mama aliwaona kabla ya mtu yeyote. Siku hiyo niliingia na uji akanishika mkono. "Kaa. Yule mwenye mkia mrefu kidogo ndiye mume. Mvivu. Tazama, analeta kijiti kimoja kisha anaimba nusu saa."

Nikajua Mama yangu amerudi.

Mume wangu naye akasikia. Yeye na mkwewe walikuwa watu wa heshima za mbali, "Shikamoo Mama", "Marahaba baba", na hapo hapo kila mmoja anatafuta mlango. Sasa akaanza kuingia na kamera, anasimama kando ya kiti cha Mama, naye Mama anamwongoza. "Bado. Bado. Yuko kwenye waya. Anatazama kushoto, anatazama kulia, mwongo huyo, anajifanya hana nyumba. Sasa!" Na hapo ndipo kwa mara ya kwanza kamera ya mume wangu ilinasa ndege mzima, mwenye kichwa na mkia kwa wakati mmoja. Dalali aliitazama picha ile kwa muda mrefu akitafuta kasoro. "Huyu kakubali kupigwa," alisema mwisho. "Alikuhurumia."

Mayai yakaanguliwa. Kutoka dirishani ulikuwa unaona jani linatikisika, kisha midomo mitatu ya rangi ya waridi inachungulia na kupotea. Hapo ndipo Nesi aliposema kwamba yeye na wenzake watatundika picha kwenye ukumbi wa zahanati, na kila anayejifunza alete moja, bora kuliko zote alizo nazo. Chap-chap hakulala vizuri. Alikuwa anaitaka ile midomo mitatu ikiwa wazi pamoja. Lakini mbele ya kiota palikuwa na tawi, lina majani mapana, na kila picha ilitoka na jani. Jani na jicho. Jani na nusu ya mdomo. Alipanda stuli, alipanda ngazi, alipanda juu ya paa la stoo ya uani, bati likalia, shore wakatoka wakipiga kelele, Mama akamfokea kupitia dirishani mpaka akashuka.

"Sogea wewe," Nesi alimwambia. "Au subiri. Upepo utalisogeza jani siku moja."

Uambie moto usubiri.

Asubuhi moja nilikuwa namwogesha Mama. Bafu letu liko upande wa pili wa nyumba, na Mama akioga anataka maji, sabuni na habari zote za wiki, kwa hiyo tulichukua muda wetu. Tuliporudi kibarazani palikuwa na shangwe. Kamera ilikuwa inapita mkono kwa mkono. Vifaranga watatu, midomo wazi, shingo zimenyooshwa kama wanaimba kwaya, na mama yao juu yao na kiwavi mdomoni, jua limewapiga vizuri, huoni jani hata moja. Nami nilipiga vigelegele, siwezi kusema sikupiga. Mume wangu alikuwa anatembea kutoka mlangoni hadi kwenye kioo, kutoka kwenye kioo hadi mlangoni, anacheka peke yake.

Nilimsukuma Mama ndani kwenye kiti chake cha magurudumu cha kuazima, nikamsogeza dirishani. Alitazama nje. 

"Nani kawanyoa?" akauliza.

Nikachungulia. Bogenvilia ilikuwa imekatwa upande wa mbele, safi, mduara usio na unywele uliozidi, kama anavyomkata bwana harusi. Kiota kilikuwa kimekaa katikati, peupe, kama kikombe kwenye kabati la vioo.

Mume wangu aliingia akikimbia, anataka sifa. "Mama, sasa unawaona vizuri!"

"Mimi nilikuwa nawaona," Mama alisema. "Ni wengine ndio walikuwa hawawaoni."

Bado hakuelewa. Akarudi kibarazani. Nesi alikuwa amepita kuelekea zamu yake, wakampa kamera aione. Alitazama, akabonyeza mpaka picha ikawa kubwa, akaigeuzia kwa mume wangu.

"Hivi vidoa vyeupe pembeni, hapa, na hapa, na hapa, ni nini?"

Chap-chap akakuna shingo.

"Ni ncha za vijiti vilivyokatwa leo," Nesi akajijibu. "Umekata."

"Kidogo tu."

"Wewe hujawahi kukata kidogo tangu uzaliwe. Shemeji, yale majani ndiyo yalikuwa paa lao na mlango wao. Jua la mchana litawachoma. Na huo mduara uliouchonga, ni wewe peke yako uliyetaka kuona ndani? Picha hii mimi siitundiki."

Hakuna aliyecheka. Dalali alisogea kwenye benchi, akampisha mume wangu akae. Tukiwa hivyo tukasikia Mama anapiga ukelele kutoka chumba cha nyuma, si wa kuita mtu, ule wa kufukuza. Tulikimbia wote. Kunguru alikuwa anaondoka juu ya ukuta na kitu mdomoni, na shore wawili wanamfuata wakimdonoa mgongo, wadogo mno kwake. Kiotani ikabaki midomo miwili.

Mama hakumtazama mkwewe. Alinitazama mimi.

"Mpigie kaka yako aje anichukue."

Kaka yangu alikuwa ameshamwomba tangu siku ya kwanza. Ana nyumba kubwa, vyumba vingi, kila mtu yuko kazini au shuleni mchana kutwa. Mama alikuwa amekataa kwa maneno mafupi: kule hata saa ya ukutani inajisikia mpweke.

"Mama, kwa ajili ya ndege?"

"Kule wodini kila asubuhi nilikuwa naamka naona kitanda kingine kitupu. Sikutoka kule kuja kuketi dirishani nihesabu tena. Aje mwisho wa wiki. Hawa wawili wakiruka, arudi alikotoka, mimi nipo. Wakiliwa, naondoka naye. Nimemaliza."

Ukimjua Mama, neno "nimemaliza" ni mhuri. Nikapiga simu. Nikaomba kaka asipokee, maana nyumba yangu bila Mama naijua ilivyokuwa, na sikutaka kurudi huko.

Mume wangu alikuwa ameshaanza. Aliokota matawi aliyoyakata, nikampa uzi mgumu wa kushonea magunia, akayafunga mahali pake moja moja, miiba ikimchana mikono mpaka viwiko. Kwa mbali yalipendeza. Lakini jua lilipopanda majani yakajikunja, yakalegea, na vifaranga wakaonekana tena, wameachama, si kwa njaa, kwa joto. Akachukua kitambaa cheupe cha kufunika wateja, akakifunga juu ya kiota kama mwavuli. Kivuli kikaja. Shore hawakuja. Walikaa kwenye waya wa umeme, viwavi midomoni, wanalia ile sauti yao ya kukaripia, kitambaa kinapigwa na upepo, na wao wanaruka hatua moja mbele na mbili nyuma.

"Toa hiyo sanda!" Mama akapaza sauti kutoka ndani. Ndilo neno la mwisho alilomwambia siku ile.

Akatoa. Kunguru akatua kwenye paa. Mume wangu akasimama chini ya kiota na ufagio, kunguru akasogea, lakini shore nao wakasogea. Akirudi nyuma mlangoni, shore wanakaribia, na kunguru naye anakaribia. Hesabu gani hiyo? Alikuwa anakwenda mbele, anarudi, anachuchumaa, anasimama, anajificha nyuma ya pipa la maji, anachungulia. Wateja walikuwa wanasubiri dukani na vichwa vyao. Mmoja aliondoka. Nilimwambia mume wangu akae chini tu, atulie, ndege wamzoee. Akakaa kwenye ndoo. Goti likaanza kucheza. Kidole kikaanza kupiga ndoo. Shore aliyekuwa ameshafika kwenye ukuta akageuka akaondoka.

"Siwezi," aliniambia, macho mekundu. "Mke wangu, mwili huu hausikii. Nauambia tulia, unanicheka."

La kivuli nililitatua mimi, kwa sababu nguo ndiyo lugha yangu. Nilichukua kitambaa cha kijani, kile cha bitana, nikakianika kwenye kamba ya nguo mbali na ile bogenvilia, upande jua linakotokea, nikakisogeza polepole mpaka kivuli chake kikaangukia kiota. Shore walikuwa wamezoea nguo kwenye kamba. Hawakujali. Lakini kitambaa hakifukuzi kunguru.

Usiku ule hakuna ndege anayeruka, tukapumua. Kesho yake asubuhi nilimkuta mume wangu ameketi sakafuni na kamera, anapitia picha zake zote tangu mwanzo, zile za benchi kuchekea. Picha za ukutani, za waya, za bogenvilia tupu.

"Njoo uone," akasema. "Hizi nilipiga nikiwa uani peke yangu. Tawi. Tawi. Mkia. Tawi. Na hizi nilipiga kutoka dirishani, nikiwa na Mama. Ndege. Ndege. Ndege. Hapa anatutazama kabisa, na hatoki."

"Ndani ni giza, hawakuoni."

"Mimi hawanioni. Mama wanamwona, kiti kiko dirishani kabisa, mkono wake uko nje. Wamejenga yuko pale. Wametaga yuko pale. Wanamjua kama wanavyoujua ukuta."

Nikaelewa anakokwenda. Kutoka dirishani Mama ni mbali mno kumtisha kunguru. Ilibidi atoke uani, akae chini ya kiota. Kati ya chumba na uani pana ngazi mbili na korido nyembamba ambamo kile kiti cha magurudumu hakipiti. Na Mama alikuwa hajapiga hata hatua moja tangu aje. Na anayetakiwa kumwomba ni mtu ambaye hasemi naye.

Hakuniachia mimi. Alikwenda akasimama nje ya dirisha, mikono iliyochanika ameificha nyuma.

"Shikamoo, Mama."

Mama akajitengeneza khanga. Salamu ya mkwe haijibiwi!

"Mama, mimi nimeharibu na siwezi kutengeneza. Nikisimama pale wanakimbia. Wewe hawakukimbii. Ukikaa chini ya kile kiota, kunguru hatashuka. Hakuna mwingine nyumba hii wanayemjua."

Mama alitazama juu ya bega la mkwewe, kwenye waya, ambako shore walikuwa wanakaripia. Akatazama paa. Kunguru alikuwa ameshafika, anajisafisha mbawa kama mtu aliyealikwa.

"Nitaanguka," alisema.

"Ukianguka utaniangukia mimi."

"Na ungestahili." Akapumua. "Niletee hilo lichuma. Na taulo langu ulikunje, usilitupe tu."

Sitaki kusimulia jinsi alivyotembea, maana kila hatua nilikuwa nakufa. Nitasema tu kwamba alimtukana mume wangu kuanzia dirishani hadi mlango wa uani, matusi ya zamani mazuri ambayo nilidhani yamepotea, akimtaja kama mkasi wenye miguu, kuku mwenye funza, mwanamume wa kunyoa hata pazia. Mume wangu alikuwa anarudi kinyumenyume mbele yake, mikono imefunguka, anaitikia, "Ndiyo Mama. Kweli Mama. Shusha mguu, Mama." Tulipomkalisha kwenye kiti cha plastiki chini ya bogenvilia alikuwa analowa jasho. Akaweka fremu mbele yake, mikono juu yake, akatulia.

Tukarudi ndani, tukachungulia dirishani. Shore wa kike akashuka kwenye ukuta. Akatazama kushoto. Akatazama kulia. Akaingia kiotani, karibu na kichwa cha Mama kiasi kwamba kama angekuwa na neno la siri angemnong'oneza. Juu ya paa kunguru alitembea huku, akatembea kule, akainamisha shingo, akamtazama yule mama mtu mzima. Hakushuka.

Siku zilizofuata nyumba yangu ilikuwa kama kuna mtihani. Cherehani niliizima, nikawa nashona kwa mkono. Anayepiga hodi kwa sauti anavutwa ndani kwa kola. Dalali alijifunza kunong'ona, na alipokuwa anawanong'oneza wateja habari za kiwanja chake, wote walidhani ni cha wizi wakamkimbia. Mimi mwenyewe nilikuwa na habari ya jirani yetu na fundi bomba, mbichi, ya moto, na ilibidi niimeze kama kidonge bila maji. Mama alikuwa anatoka asubuhi na kurudi jua likizama, hatua zake mwenyewe, na chakula anakula huko huko.

Jioni ya pili alimwita mume wangu kwa kidole. "Kaa hapa. Kamera yako ilete. Lakini ukitikisika nakurudisha ndani." Akakaa kwenye ndoo kando yake. Goti likaanza. Mama, bila kumtazama, akanyoosha mguu wake mzima, akaukanyagia juu ya mguu wa mkwewe, akauacha hapo. Goti likanyamaza. Nilikuwa nawaangalia kupitia mlango wa jikoni, mkono mdomoni. Wale watu wawili walikuwa hawajawahi hata kushikana mikono vizuri.

Kaka alifika mwisho wa wiki kama alivyoahidi, na gari lake, na haraka zake. Begi la Mama nilikuwa nimelifunga, kwa sababu Mama alisema lifungwe, na hakuna anayebishana na mhuri. Kaka alilipeleka kwenye buti, akaja uani akichezesha funguo.

"Mama, tayari?"

Wote wawili, Mama na mkwewe, wakamgeukia kwa wakati mmoja: "Shhh!"

Akasimama, mdomo wazi. Kifaranga mmoja alikuwa ametoka, amesimama ukingoni mwa kiota, anapepesuka, manyoya yamesimama kama ameamshwa vibaya. Mama yake alikuwa kwenye ukuta, anamwita, chakula mdomoni, hampelekei. Kaka aliangalia saa. Akaangalia tena. Akaegemea mlango. Baadaye akakaa chini na suruali yake nzuri.

Kifaranga akaruka. Kuruka gani, alidondoka akipiga mbawa, akagonga kitambaa changu cha kijani, akateleza, akatua sakafuni, katikati ya uwanja, mbali na kila kitu. Na kunguru akashuka.

Nilipiga kelele. Mume wangu aliinuka. Lakini Mama alikuwa ameshasimama. Alinyanyua ile fremu ya chuma kwa mikono yote miwili akaipiga sakafuni, kwa! kwa! kwa! mpaka nyumba ikaitika, na kunguru akapinda hewani akapotea juu ya bati. Kila mwenye bawa pale uani alitimka, na katika kelele hiyo hiyo kifaranga wa pili, aliyekuwa bado anajishauri kiotani, akatoka kama amefyatuliwa, moja kwa moja juu ya ukuta hadi kwenye mti wa jirani. Yule wa chini alirukaruka kwa miguu mpaka kwenye shina la bogenvilia, akapanda tawi kwa tawi, akafika juu ya ukuta, akatazama kushoto, akatazama kulia. Akaenda.

Tukasikia shore wanaita kule ng'ambo. Mmoja. Kisha wengine wanajibu.

Mama alikuwa bado amesimama, fremu imeinuliwa nusu, na mguu wake mbovu unatetemeka. Mume wangu alimwekea kiti nyuma ya magoti, akakaa.

"Umepiga?" Mama akamuuliza.

Chap-chap akatazama kamera. "Nimepiga wewe, Mama. Wao wametoka mkia."

"Hm," Mama akasema, na safari hii haikuwa ile "Hm" ya hospitali.

Kaka akasimama, akajipangusa suruali. "Haya. Hongereni. Mama, twende sasa, barabara itajaa."

"Twende wapi?"

"Kwangu. Si mlinipigia?"

"Tulisema wakiliwa. Wameliwa?"

Kaka akanitazama, nikatazama kamba ya nguo. Alijua kubishana hakuna faida, yeye ni mtoto wa mama huyo huyo. Akanywa maji, akambusu Mama kichwani, akaondoka na haraka yake ile ile. Gari lilipokwisha kupinda kona ndipo nilipokumbuka begi lote liko kwenye buti. Nikatoka mbio mpaka barabarani, napunga mkono, wapi! Nikarudi nahema, nikamwambia Mama nguo zake zote zimeondoka na mwanawe.

"Ziende," akasema. "Fundi si ninaye?" Akamgeukia mume wangu, ambaye alikuwa ameshaanza kukunja kitambaa cha kijani, amekikunjua, anakikunja tena. "Na wewe rudi hapa. Ulifikiri nimemaliza na wewe? Nilikuwa nanyamaza kwa ajili ya ndege."